Mwindo Mbele ya Nkuba

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization VI, mfalme wa Kongo haruhusiwi kujenga mahali patakatifu. Watawala wengine wanaweza kuanzisha dini, kuipa jina, kuichagulia mafundisho na kuieneza. Mvemba a Nzinga hawezi. Yeye husubiri dini ya wengine imfikie. Ikishashika miji yake mingi, ndipo anapopata baraka zake. Waliotunga mchezo huo mwaka 2016 walikuwa na sababu. Mvemba a Nzinga ni yule Afonso wa Kwanza, mwana wa mfalme aliyebatizwa mwaka 1491, akatawala Mbanza Kongo tangu mwaka 1509 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1540. Mwanawe Henrique alipewa uaskofu. Mwaka 1526 Afonso alimwandikia João wa Tatu wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kuwauza. Aliomba aletewe mapadri na walimu, na divai na unga wa misa. Bidhaa nyingine hakuzitaka.

Mimi ni mwalimu wa dini na falsafa katika shule ya sekondari. Baba yangu ni Mnyanga wa Walikale, mama yangu ni Mhunde wa Masisi, huku Kivu, mashariki mwa Kongo ya leo. Watu wa pande zote mbili hawakuwahi kuwa chini ya Mbanza Kongo. Mji ule leo uko Angola, na kati yake na sisi imelala nchi nzima. Lakini mpwa wangu aliponiwekea kompyuta yake mezani na kuniuliza nitacheza na mfalme yupi, nilimchagua huyo, kwa ajili ya ile barua ya 1526. Nikacheza kwa jioni nyingi, kila umeme ulipokuwepo, mpaka nikashinda. Tangu hapo nina swali ambalo sijalikuta katika vitabu vya mafunzo yangu ya ualimu: ushindi wa namna ile ni nini mbele za Mungu? Na je, Mungu huitazama nchi kama nilivyokuwa naitazama mimi?

Kwa asiyeujua mchezo, uko hivi. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na kundi la walowezi na askari mmoja. Dunia imegawanywa katika vipande vya pembe sita, na karibu yote imefunikwa na ukungu. Mnacheza kwa zamu: unasogeza watu wako, unaamuru kijengwe nini, unamaliza zamu, wengine nao wanasogeza wa kwao, kisha miaka inapita. Unaweza kushinda kwa kuteka miji mikuu yote ya wenzako, au kwa kufikisha watu kwenye nyota, au kwa dini yako kushika zaidi ya nusu ya miji ya kila taifa, au kwa utamaduni, yaani wageni wanaovutwa na kazi zako za sanaa na masalio yako wawe wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote wanaobaki kutembelea kwao. Kongo imetengenezwa kwa ushindi huu wa mwisho. Sanamu na masalio humletea mfalme wake chakula, dhahabu na nguvu ya kazi. Nilifurahi kwa dhati kuzijaza sanamu katika nyumba za Mbanza Kongo, maana minkisi wengi wa kweli, zile sanamu za nguvu za Wakongo, nimewaona katika picha tu, wakiwa ndani ya vioo vya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Nautetea mchezo huu mbele ya wazazi wanaodhani ni upuuzi wa vijana. Unamlazimisha mtu aone kwamba mto, mlima na msitu vina neno katika maisha ya watu, na kwamba aliyekula mbegu leo hatapanda kesho. Mwanafunzi wa kidato cha tano akiucheza vizuri ataelewa kwa nini njia ya kutoka Sake kupanda Masisi imepiganiwa mara nyingi kuliko mashamba mazuri yanayoizunguka.

Lakini kuna ule ukungu. Ndani yake hukaa wale ambao mchezo unawaita washenzi. Kambi yao huzuka katika kipande cha ardhi ambacho hakuna taifa linalokiona, kisha hutoka humo kushambulia. Hawana mji, hawana mfalme mwenye jina, na katika mchezo nilioucheza hakuna namna ya kuketi nao barazani. Unachofanya ni kuwaua, ukishavunja kambi unapewa dhahabu. Nilipokuwa nasita, mpwa wangu aliniambia, “Mjomba, hao usiwafikirie. Wapige tu, ni wa ukungu.”

Nilisita kwa sababu najua mahali penyewe. Kwenye ramani ya wakubwa wa dunia, kutoka Ntoto hadi Pinga na kuteremka hadi Mubi ni ukungu. Taarifa za huko huandikwa kwamba makundi yenye silaha yamepigana, watu wamekimbia, basi. Asomaye Ulaya hajui kwamba Ntoto ni soko, kwamba vita vya Machi 1993 vilianza pale, kati ya watu waliokuwa wamekuja kuuza na kununua, vikapanda hadi Masisi na kuwagawa watu waliokuwa wakioleana. Hajui kwamba Mokoto, walipouawa watu waliokimbilia kwa watawa mwezi Mei 1996, ni maziwa mazuri kuliko yote niliyoyaona, na kwamba watawa walifika huko miaka ya 1950 kutafuta ukimya wa kusali. Sisemi kwamba wenye bunduki wa kwetu ni malaika. Nasema kila mmoja wao ana mama anayemwita kwa jina, na ana kisa kinachoanza kabla hajaonekana na mtu wa mbali.

Madini nayo yamefunikwa. Unaanza bila kuona chuma. Ukishavumbua kazi ya shaba nyeusi, alama za chuma zinatokea ardhini, wakati mwingine chini ya mji wa mwenzako, na kuanzia zamu hiyo unamtazama mwenzako kwa jicho lingine. Baadaye makaa ya mawe, mafuta, alumini, urani. Kolitani haimo. Hata hivyo sijaona maelezo mafupi na ya kweli zaidi kuhusu yaliyotupata. Rubaya palikuwa mahali pa ng'ombe na viazi. Vilima ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba watu wa mbali walivumbua simu, na alama ikatokea chini ya miguu yetu. Sasa husemwa kwamba vilima hivyo hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima, metali itokayo kwenye kolitani. Waasi wa M23 walipouchukua mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi peke yake inaingiza dola 800,000 hivi kwa mwezi. Upande wa Walikale, Bisie ilikuwa msitu wa wawindaji hadi mwaka 2002 hivi, jiwe la bati lilipogunduliwa. Vijana wakawa wanabeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakitembea msituni hadi Njingala, na ndege zikawa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuyachukua. Mwezi Machi 2025 vita vilipokuwa vikisogea kuelekea Walikale mjini, mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi, na bei ya bati ikapanda katika masoko ya ng'ambo. Huko nako kuna mtu aliyekuwa anatazama ramani.

Si mara ya kwanza nchi hii kuchezwa. Mwaka 1885 huko Berlin iliamuliwa iwe ya nani, na watu ambao hawakuwa wameiona. Mwaka 1928 Wabelgiji wakaunda kamati ya kugawa ardhi ya Kivu. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 walikuwa na idara nzima ya kuwahamisha Wanyarwanda kuja Masisi: Gishari, Mushari, Washali. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa, kwa sababu Rwanda ilikuwa imejaa na mashamba ya wazungu yalihitaji mikono. Ni hatua ambayo mimi mwenyewe niliifanya mara nyingi katika mchezo: mji huu umebanana, pale kuna nafasi, peleka walowezi. Kwenye skrini ni sahihi kabisa. Waliofikishwa hawakuulizwa, na waliowakuta pale hawakuulizwa, na wajukuu wa hao wote wawili wanazikana mpaka leo kwa hesabu iliyofanywa na mtu aliyekwisha kurudi kwao na kulipwa pensheni.

Basi nimefika kwenye swali langu. Wanafunzi wangu wengi, nikiwauliza Mungu yuko wapi, huonyesha juu. Nikiwauliza anaonaje mambo, husema anaona yote kwa pamoja, milima yote na watu wote. Kwa maneno mengine wanamwelezea mchezaji. Na kutoka hapo mtu anateleza kwa urahisi: ikiwa Mungu anaona nchi nzima kwa pamoja, basi vifo vya Rubaya ni kitu kidogo ndani ya mpango mkubwa, na mwisho wake ni ushindi. Nimewasikia wahubiri wakisema hivyo mbele ya watu waliokuwa wamelala chini ya maturubai. Siwataji, maana walikuwa wanatafuta kufariji. Lakini nakataa.

Nakataa kwanza kwa Injili. Mathayo na Luka wanasimulia kwamba aliyempandisha Yesu juu na kumwonyesha falme zote za dunia kwa pamoja alikuwa mjaribu. Kuona falme zote kwa mkupuo, na kuahidiwa kwamba zinaweza kuwa zako, ndilo jaribu lenyewe. Yesu hakubishana juu ya uzuri wa mandhari. Aliteremka, akaenda Galilaya kwenye vijiji vya wavuvi. Kwa hiyo Mkristo anayempa Mungu macho ya mchezaji anampa macho ya mwingine.

Nakataa pia kwa Mwindo, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu Wakongomani wengi wanaojua majina ya mashujaa wa sinema hawajui kwamba Walikale ilimzaa shujaa huyu. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, msimulizi wa Wanyanga, aliimba, akasimulia na kuigiza utendi wa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck akauandika, na pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenzetu, wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo wa Tubondo, alikuwa ameapa kwamba hataki mtoto wa kiume. Anajaribu kumwua, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Anarudi na nguvu za Nkuba, bwana wa radi, na Tubondo inateketea. Baba anakimbilia kuzimu na mwana anamfuata.

Huko kuzimu Mwindo anacheza mchezo, nao ni wa zamu. Unaitwa wiki, mchezo wa kukisia mbegu. Anacheza na Sheburungu, mmoja wa wakuu wa mahali pale, ili apewe baba yake. Kabla ya kuketi anakutana na watoto wanaolia njaa, anawalisha kwanza. Kisha anacheza na kupoteza: mali, watu wake, hata shangazi yake. Anabaki na conga, usinga wake wa uchifu. Kwa huo anarudisha kila kitu na kuchukua vyote vya Sheburungu. Tazama tofauti. Mimi nikicheza na Mvemba a Nzinga siweki chochote changu. Nikiteka mji naambiwa nichague, kuushika au kuuteketeza, na walioumo ni tarakimu moja tu juu ya jina la mji. Mwindo ameweka dau mtu aliyempokea alipokuwa mtoto. Anajua jina la kila anachoweza kupoteza.

Na hamwui baba yake. Anamrudisha Tubondo, wafu wa Tubondo wanafufuliwa, na baba anakiri makosa yake mbele ya watu wote. Shangazi anamkemea kaka yake hadharani. Nchi inagawanywa, baba ana mlima wake na mwana wake. Mchezo wowote wa kompyuta ungeishia hapa, na ungekuwa tayari mwisho mzuri kuliko niliowahi kuuona: aliyeshinda anaketi na aliyeshindwa, na waliokufa katika vita wameketi nao.

Utendi hauishii hapa. Mwindo sasa ni chifu mkubwa. Anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anatuma Watwa msituni, joka Kirimu linawameza. Mwindo anakwenda, anamwua Kirimu, nyama inachomwa. Harufu yake inampandia Nkuba. Kirimu alikuwa rafiki yake. Yule yule aliyempa Mwindo radi za kuteketezea Tubondo anashuka, anamchukua, anampandisha mbinguni.

Kwa hiyo Mwindo naye anapandishwa juu, mahali ambapo dunia yote iko chini yake. Lakini hapewi ramani. Mvua inamnyea na mawe yake. Mwezi unamchoma nywele. Jua linamkausha koo. Nyota nayo inamtesa. Wanamwambia kwamba ushujaa wake wa duniani hauna nafasi kwao. Anakaa huko mwaka mzima, kwenye baridi na joto ambavyo wanyama wa msituni huvikaa bila nyumba, na anakatazwa asiue tena mnyama yeyote. Ndipo anaporudishwa chini. Sheria anazowapa watu wake ni za kawaida kabisa: wapande mazao ya aina nyingi, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke kilema, wasimtamani mke wa mwingine, wampokee mtoto mrefu na mtoto mfupi.

Kwa maoni yangu, hii ni teolojia ya hali ya juu, na ilikuwa imekaa Walikale kabla ya misheni yoyote. Kuna namna mbili za kuwa juu. Moja inaona yote na haihisi kitu. Hiyo ndiyo ya ule mlima wa majaribu, ya Berlin, na ya skrini. Nyingine inaona kwa sababu inaumia. Mkristo hapaswi kushangaa, maana naye anamwabudu aliyeinuliwa juu ya mti akiwa uchi, na tunaamini kwamba kutoka pale aliona zaidi ya alivyoonyeshwa mlimani. Ikiwa Mungu anaitazama Rubaya, anaitazama kutoka ndani ya shimo ambalo mvua inaliporomosha juu ya mchimbaji. Sina uthibitisho mwingine wa maneno haya zaidi ya kwamba Mungu wa namna nyingine siwezi kumhubiri mbele ya mama aliyezika huko.

Sasa, nilishinda vipi? Kwa sanamu, na kwa amani zaidi ya nilivyotegemea. Ilipofika zamu ya mwisho, ilitokea picha na maneno ya kunisifu, kisha mchezo ukaniuliza kama ningependa kuendelea kwa zamu moja zaidi. Ukikubali, dunia inaendelea, lakini hakuna tena kinachohesabiwa. Miji inakua, walowezi wanatembea, washenzi wanatokea katika pembe za ukungu zilizobaki, na hakuna wa kukuuliza umetumiaje ushindi wako. Hapo ndipo nilipomsimulia mpwa wangu habari ya Nkuba. Amesoma Kampala, ni kijana wa akili, lakini utendi huu alikuwa hajausikia kwa mtu yeyote wa ukoo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mjomba, mchezo ambao mtu anashinda halafu ananyeshewa mwaka mzima, nani ataununua?” Nikamjibu kwamba kwa Wanyanga msimulizi hupewa zawadi na wanaomsikiliza. Akanyamaza kidogo, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: huyo Kirimu alikuwa ametenda jema gani hata awe na rafiki mbinguni?

Nilimwambia kwamba utendi haumtaji kwa jema lolote. Alikuwa joka. Alikaa msituni ambako hakuna aliyemwona, na alikuwa amemeza watu. Alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba hakuhitaji sababu nyingine ya kushuka.